"Njia rahisi" ni rahisi kwa nani? Juu ya matembezi ya koko na mjukuu



Mwezi uliopita dada yangu alinitumia mu telefone orodha moja ya njia za matembezi. Iliandikwa kwa wazee wanaotaka kutembea na wajukuu wao, na sharti lake la kwanza lilikuwa hili: chagueni njia za chini, zisizo mbali sana na usawa wa bahari. Chini yake dada aliongeza maneno mawili tu: "Fanya ya Butembo." Juu mimi ndiye nimesoma agronomia mu familia, wanafikiri najua kila kilima.

Nilijaribu kuitumia orodha ile jinsi ilivyo. Ilinishinda, na ninataka kueleza kwa nini, juu naona wengi wetu tunachukua vipimo vya watu wengine bila kuuliza vilipimwa wapi.

Koko yetu ana miaka 70 na kitu. Aliacha shamba lake la kakao upande wa Beni, sasa anaishi na sisi hapa Butembo, mu komine ya Bulengera. Mtu aliyezoea kutembea kila asubuhi, leo kazi yake ni kukaa kwenye mlango na kuangalia moto zikipita. Mtoto wa dada ana miaka 6, na yeye pia anakaa pale, na telefone mkononi. Ndiyo sababu dada aliuliza. Haikuwa mambo ya utalii.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tukitaka kusifu matembezi ya jimbo letu, tunataja vilele. Nyiragongo, mita 3,470. Ruwenzori, ambako kilele cha Marguerite kinafika mita 5,109, na upande wetu unapanda kutoka Mutwanga: nyumba ya kwanza ya kulala, Kalonge, tayari iko juu ya mita 2,000. Kiisha gorila. Lakini kwa gorila wa Uganda na Rwanda, mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kabisa. Parke ya Virunga iko tangu 1925, na mu maneno yote yanayoandikwa juu yake nimekuta mzee na mtoto mara chache sana. Anayetembea ni kijana mwenye viatu vizuri. Tumekubali kwamba kutembea ni kushinda mlima.

Orodha ya dada ina faida moja: inakataa wazo hilo. Inasema mzee na mtoto wana haki ya njia yao, njia iwe fupi, na mtoto akute kitu cha kuangalia. Hapo nakubaliana nayo. Shida ni lile sharti la kwanza.

Jiulizeni sharti la "chini" linatoka wapi. Mu nchi za baridi, njia za juu zinafungwa na theluji miezi mingi, za chini zinabaki wazi. Kwa hiyo "chini" kule ni neno la akili. Hapa kwetu theluji iko paka kwenye vilele vya Ruwenzori. Butembo yenyewe iko karibu na mita 1,800. Mtu akifuata orodha ile neno kwa neno, mji wote unatoka, hata njia ya kwenda misa.

Na akitafuta chini, atafika wapi? Atashuka karibu mita 600 mpaka Beni. Atashuka tena kwenye bonde la Semliki. Ao atashuka upande wa ziwa Edouard, mpaka Kyavinyonge, pwani tambarare, mita 900 na kitu, upepo mzuri, samaki. Kwenye karatasi ndio peponi pa wazee. Lakini sisi wote tunajua nini kimepita mu teritware ya Beni tangu Oktoba 2014. Njia zilizo tambarare kuliko zote ndizo koko alikimbia. Nilipomsomea sharti lile aliniuliza swali moja: "Huko chini, ni wewe utanitangulia?" Nikanyamaza.

Kwa hiyo nilibaki na Butembo na vilima vyake. Jumapili ya kwanza nilifanya kosa la mtu wa diplome. Nilifikiri: koko ana magoti mabaya, basi tusipande, tushuke. Tulishuka kuelekea bonde la Kimemi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wetu mwekundu mnaujua, unateleza sawa sabuni. Mbele ya kufika nusu ya njia koko alikaa juu ya jiwe, akasema: "Mutoto wangu, kupanda kunamaliza pumzi. Kushuka ndiko kunauwa magoti." Tuliita moto. Mtoto alifurahi juu ya moto, koko hakusema kitu mpaka nyumbani.

Alikuwa na haki. Mtu akishuka, misuli ya paja inafanya kazi ya kuzuia mwili usianguke, na kila hatua inatua kwenye goti. Lakini hata kanuni ya zamani ya wapanda milima, ile ya Mskoti Naismith ya mwaka 1892, inahesabu saa moja kwa kila maili 3, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kushuka haina hesabu. Ilitungwa na mtu mwenye magoti mazima.

Jumapili ya pili nilikumbuka kitu kidogo tulichofundishwa mwaka wa kwanza: fremu ya A. Miti mitatu, kamba na jiwe. Tunaitumia kuchora kurubu za kiwango, ile mistari inayofuata kimo kimoja cha kilima, ili kupanda majani ya kuzuia mmomonyoko. Mtu anayefuata mstari ule hapandi na hashuki, hata kama kilima chenyewe ni kikali namna gani. Kumbe hiyo ndiyo njia ya koko! Haijali uko mita 900 ao mita 1,900. Inajali mteremko tu.

Tulipata moja, njia ya watu wa mashamba, inazunguka kilima kati ya mikalitusi na bustani za mboga. Tulitembea dakika 40, na kusimama mara tano. Koko alionyesha mtoto kahawa, akamwambia: "Hii ni arabika, inapenda baridi. Kwangu kule ilikuwa robusta na kakao." Alimvunjia kipande cha ganda la kenkina aonje. Mtoto alitema mate mpaka nyumbani, na leo anajua dawa ya kinini ilitoka kwenye mti gani. Mimi nililipa miaka ya lisansi kujua hayo.

Basi, nikiulizwa niandike orodha upya kwa ajili ya hapa kwetu, ningefuta "chini" na kuweka mambo haya. Mteremko wa kurudi uangaliwe mbele ya ule wa kwenda. Udongo uwe umekauka siku mbili. Kuwe na jiwe ao gogo la kukaa kila dakika kumi. Barabara ya moto isiwe mbali. Kuwe na kitu ambacho koko anakijua na mtoto hakijui. Na sharti lililo juu ya yote: uliza wenye kupita pale juma hilihili, na shefu wa avenyu, kama njia iko salama. Jibu la mwezi uliopita halitoshi.

Mtu atasema hayo ni madogo mno kuitwa utalii. Angalieni basi ng'ambo ya mpaka. Semliki ileile, bonde lilelile, upande wa Uganda kuna parke ya Semuliki, na pale Sempaya wageni wanapita juu ya mbao zilizopangwa mpaka kwenye chemchemi za maji ya moto. Njia fupi, tambarare, na mwisho wake kuna maajabu. Entebbe nayo ina bustani ya mimea tangu 1898, kando ya ziwa, ambapo mzee anatembea chini ya miti mikubwa bila kupanda kitu. Hawakungoja kilele. Kazi ya namna ile, ya mbao na ya benchi, vijana wa agronomia na wa ujenzi tunaiweza.

Lakini nisidanganye. Njia ya Butembo haijalipa ile ya Beni. Kule watu wa umri wa koko walitembea kila siku na wajukuu nyuma yao, kikapu kichwani, na hakuna aliyeita hiyo matembezi. Iliitwa kwenda shamba. Tulipofika nyumbani Jumapili ile, mtoto alimuuliza koko kakao ikiwa mtini inafanana na nini. Koko alifungua mikono kuonyesha ukubwa wake, kiisha akasema, "Nitakuonyesha." Hakusema siku gani.

Kama kwenu kuna njia inayozunguka kilima bila kupanda, iandikeni. Na andikeni pia ni lini mlipita pale mara ya mwisho.