Swichi ya Baridi Kichwani mwa Panya

Jamani, kaeni kitako kwanza! Makala ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2020, nilidhani nitaipitia picha tu, nikajikuta siwezi kuiweka chini. Wameamsha kikundi kidogo cha seli katika haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, ya panya wadogo wa maabara, na mnyama mwenye joto la kawaida la nyuzi 37 hivi akateremka chini ya 30. Akakaa hukohuko kwa zaidi ya saa 48. Kisha akarudi katika hali yake, mzima wa afya!

Wameziita niuroni za Q, kwa kuwa hutengeneza peptidi iitwayo QRFP. Zinapoamka, hutuma ujumbe sehemu ya haipothalamasi inayosimamia utengenezaji wa joto. Mafuta ya kahawia kati ya mabega yanaunguzwa kidogo tu, moyo unapunguza kasi, oksijeni inatumika kidogo.

Lakini kilichonimaliza ni mkia. Mwanzoni kabisa, mwili unapoanza kupoa, mkia unapata moto! Mishipa yake ya damu imefunguka ili joto litoke. Yaani panya hajashindwa na baridi, anajipoza mwenyewe, kwa makusudi. Panya aliyepigwa nusukaputi hupoa tu kufuata chumba. Huyu, chumba kikizidi kuwa baridi, anaongeza joto kidogo kulinda kiwango chake kipya. Jiko limepunguzwa moto, halijazimwa. Ustadi ulioje!

Utasema panya wadogo wakikosa chakula huzubaa hivyo hata bila kuguswa. Kweli, na mwezi uleule kundi la Harvard lilionyesha seli za jirani zinazohusika na hali hiyo. Ila Tsukuba wakajaribu na panya wakubwa wa spishi nyingine, ambao hawana kabisa desturi hiyo, nao wakapoa!

Kasoro? Ipo: lazima kwanza seli zibadilishwe vinasaba ndipo dawa iziamshe. Basi mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, wakaja na altrasaundi, mawimbi yanayopenya fuvu bila kisu wala kugusa vinasaba. Panya wadogo walishuka kama nyuzi 3. Wale wakubwa, kama nyuzi 1 tu. Ni kidogo, najua. Mimi naichukua hivyohivyo, leteni toleo linalofuata!