Ufa Uanzao Penye Kubana: Namna Maabara Inavyoupima

Barabara itokayo Uyole, ikapita Tukuyu na kuteremka zaidi ya mita 1,000 hadi tambarare za Kyela, hupitisha malori ya ndizi, viazi na majani mabichi ya chai. Na springi ya lori ikikatika karibu na pale inapobanwa na yubolti juu ya ekseli, fundi aifunguaye aweza kukuta baina ya mabamba yake unga mwekundu, mlaini kama poda. Kwa kuwa Rungwe, wilaya inayopitiwa na barabara hiyo, ni nchi ya mvua nyingi, ni rahisi kuituhumu mvua, ilhali unga huo huo hutokea hata ndani ya maabara kavu.

Huko ndiko ulikotambuliwa. Mnamo 1911, nchini Uingereza, Eden, Rose na Cunningham, waliokuwa wakichunguza uchovu wa chuma, waliuona kwenye vishikio vya mashine yao wenyewe; na mwaka 1927 Tomlinson akabainisha kwamba asili yake ni mwendo mdogo mno baina ya nyuso mbili zilizobanwa, mwendo ambao jicho haliuoni.

Kuuona unga ni jambo moja, kuupima udhaifu unaoletwa na mwendo ule, ambao huzaa ufa, ni jambo jingine. Kwa miaka mingi watafiti walibana ubavuni mwa kipande cha majaribio daraja dogo la chuma lenye miguu miwili, kisha wakakivuta na kukisukuma kipande hicho hadi kikatike. Njia nyepesi, yenye manufaa ya kulinganisha chuma hiki na kile, lakini kwa rai yangu haitoshi kumpa mhandisi hesabu ya yakini, kwa sababu msuguano hubadilika kadiri nyuso zinavyolika, na nguvu ipitayo miguuni haijulikani.

Katika miaka ya 1980, huko Oxford, David Nowell na David Hills walizitenga nguvu tatu: ile inayobana, ile inayosukuma kwa ubavu penye mgusano, na ule mkazo unaokipita kipande kizima. Vikandamizi vyao, vilivyochongwa kwa umbo la mviringo ili mkazo wa mgusano uweze kukokotolewa, viliegemezwa kwenye springi, na kila nguvu ikapimwa peke yake.

Hapo wakaithibitisha ajabu ambayo mtafiti Bramhall alikwisha kuiashiria mwaka 1973. Mkazo wa juu kabisa ukiachwa vile vile, na upana wa mgusano ukabadilishwa tu, vipande vya aloi ya alumini na shaba vyenye mgusano mwembamba vilistahimili mizunguko milioni 10, ilhali vile vyenye mgusano mpana vilikatika mapema. Sababu yake ni bayana: chini ya mgusano mwembamba mkazo hupungua upesi kadiri unavyoingia ndani, hata ufa uliokwisha kuzaliwa ukakosa nguvu ya kuusukuma mbele, lakini chini ya mgusano mpana nguvu hiyo hudumu hadi ufa umekomaa.

Natija yake kwa springi zetu ni nzito. Jaribio lililofanywa kwa kikandamizi chembamba, hata kikiwa cha chuma kile kile na mkazo ule ule, laweza kumwambia mtengenezaji kwamba springi haitakatika kamwe, naye akaifunga chini ya bamba pana la yubolti, ambako ufa hauna kizuizi.