Habari za Wakilindi na Nchi Waliyoikuta

Kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, alichokitunga Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ni mali kubwa kwa kila afundishaye Kiswahili katika milima ya Usambara. Sehemu ya kwanza ilipigwa chapa na wamisioni wa Magila mwaka 1895, na kitabu kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Lugha yake ni safi, wazee husema kwa vinywa vyao wenyewe, na msomaji huiona baraza kana kwamba ameketi pembeni. Haya twayakiri kwanza, mtu asidhani ya kuwa twakidharau. Walakini liko jambo tupaswalo kulipima. Walimu wengine hukisoma darasani kama ndicho kitabu cha nchi ya Washambaa. Je, ndivyo kilivyo?

Kwanza tutazame wema wake. Mtungaji hakuwa na ramani mbele yake. Nchi ameijua kwa miguu na kwa masimulizi. Mbega mwindaji atoka Ngulu, apita Kilindi, apanda Zirai, aenda Bumbuli, hata akafika Vuga na kutawazwa. Mtoto akifuata njia hiyo kwa kidole, atajifunza ya kuwa ufalme wa milimani ulianzishwa na mtu wa nyikani, na ya kuwa milima hii haikuwa kisiwa. Jambo hili ramani peke yake haiwezi kulifundisha.

Lakini hapo hapo pana kasoro. Masimulizi yaanza na mgeni, na mwanafunzi asiyeonywa huona kana kwamba nchi nayo ilianza siku ile. Mwaka mmoja mtoto aliniuliza, “Mwalimu, kabla ya Mbega nani alipanda migomba?” Sikuwa na jibu upesi. Nalipolirudia somo nyumbani naliona ya kuwa jibu limo katika hadithi yenyewe. Mbega alipendwa kwa sababu aliwaua nguruwe walioharibu mashamba. Basi mashamba yalikuwapo. Aliwagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Basi wenye ghala walikuwapo. Mgeni alileta ufalme, kilimo alikikuta. Tena wako Wambugu, watu wa ng'ombe, ambao maneno mengi ya lugha yao ya asili ni ya Kikushi, walakini kwa sarufi hufuata Kibantu. Lugha yao ni shahidi ya kuwa milima hii ilipokea watu wa namna nyingi, wala haikumngoja mwindaji mmoja.

Kasoro ya pili ni kwamba kitabu chataja mahali bila kueleza tabia yake. Wenyeji huiita nchi yao Shambaai, na ile -i ya mwisho yaonyesha mahali, kama -ni ya Kiswahili. Ndiyo maana mfalme mkuu aliitwa Kimweri ye Nyumbai. Shambaai ni juu, penye baridi, mvua na migomba. Chini ni nyika, penye joto na ukame. Steven Feierman, mwanachuoni wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1974 ya kuwa Washambaa walipenda kujenga vijiji karibu na ukingo wa milima, ili wapate kulima kote kuwili. Mvua ikikosa upande mmoja, chakula kipatikane upande wa pili. Hii ni akili kubwa ya wakulima, nayo katika habari za watawala haionekani ila kwa mbali.

Asiyejua tofauti hiyo hataelewa msiba uliofuata kifo cha Kimweri katika miaka ya 1860. Krapf alimwona mfalme huyo Vuga mwaka 1848, naye alitawala kutoka milimani hata pwani. Lakini mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini, penye njia ya misafara, akapata bunduki kwa biashara. Alipoishinda Vuga hakuhamia huko. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu katika kiti, mwenyewe akabaki nyikani. Basi nchi iligeuzwa juu chini: nguvu zilishuka penye bunduki, na watu wakauzwa utumwani. Abdallah alimtumikia Semboja, na kwa hiyo aliyajua mengi kwa karibu. Lakini aliye karibu na baraza huwa mbali na jembe. Tusimlaumu kwa hilo. Kitabu chake kimeitwa Habari za Wakilindi, wala hakikuahidi habari za wengine.

Kosa, basi, ni letu walimu, tuliokipa kazi isiyo yake. Washambaa wenyewe walikuwa na mizani ya kuwapimia watawala: husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Katika mizani hiyo mfalme hupimwa kwa mvua, chakula na amani, si kwa ukoo peke yake. Mwalimu akisoma sura yoyote ya kitabu hiki na aulize: je, mtawala huyu aliiponya nchi au aliiharibu? Nani alikula, na nani alikosa?

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kitabu kisiondolewe darasani, maana hatuna kingine kilicho mfano wake. Lakini kabla ya kukifungua, watoto wapelekwe ukingoni, watazame migomba nyuma yao na nyika chini yao. Kisha wawaulize wazee majina ya mito na vilima, na asili ya majina hayo. Ndipo wasome habari za Mbega. Watamheshimu kama mgeni aliyepokewa vema, nao watajua ya kuwa wenyeji waliompokea walikuwa babu zao.