Fortran Iliipitaje C?

John Backus na wenzake pale IBM walipoanza mwaka 1954 kutengeneza lugha ya Fortran na kompaila yake, programu inayoitafsiri kuwa amri za mashine, wapinzani wao wakubwa walikuwa waandishi wa programu wenyewe, watu waliozoea kupanga kila amri ya mashine kwa mkono. Kompaila ikizaa programu nzito, nani angeigusa? Ndiyo maana sarufi ya lugha haikuwasumbua sana. Jasho liliishia kwenye kuboresha kasi ya programu.

Kompyuta ya IBM 704 ilikuwa na rejista 3 tu za faharasa, zile zinazotumika kupitia safu za namba. Ili kujua ni hesabu zipi zinastahili kukaa humo, kompaila iliigiza mwendo wa programu: kila penye njia panda ilibahatisha upande wa kwenda, ikahesabu sehemu zinazopitiwa mara nyingi, kisha ikazihudumia hizo kwanza. Backus alisimulia baadaye kwamba mara nyingine matokeo yaliwashangaza hata wao, wakadhani ni kosa, hadi walipoyachunguza na kukuta yako sahihi. Kompaila ilitoka mwaka 1957.

Lakini hiyo haielezi kwa nini miongo mingi baadaye Fortran iliendelea kuipita lugha ya C kwenye hesabu za safu. Hapo siri ni sheria. Chukua kitanzi kinachozidisha kila namba ya safu B kwa K na kuandika jibu kwenye A. Katika C, zote tatu zikipokewa kama vielekezi (anwani za kumbukumbu) vya namba za aina moja, kompaila haina hakika kwamba A haigusi mahali K ilipo. Kwa hiyo kila mzunguko inaisoma K upya kutoka kwenye kumbukumbu, na inasita kuzidisha namba nne au nane kwa mpigo. Fortran inamkataza mwandishi kuandika kwenye safu inayoingiliana na kitu kingine kilichopokewa pamoja nayo. Kompaila inaisoma K mara moja, basi.

C ilijibu mwaka 1999 kwa neno `restrict`, ambalo mwandishi anaapa kwalo kwamba kielekezi chake hakiingiliani na vingine. Kompaila za leo, GCC na Clang, hata bila kiapo hicho zinaweza kuandaa matoleo mawili ya kitanzi, zikakagua anwani programu inapoendeshwa, na kuchagua la kasi panapokuwa salama.

Kompaila zikiwa na werevu huo, mashindano ya kasi ya lugha yanayofanywa kwa kitanzi kimoja mimi siyaamini. Ukijumlisha namba kamili zinazofuatana kisha usilitumie jibu, kompaila inakifuta kitanzi chote. Ukilitumia, Clang inaweza kuweka kanuni ya hesabu mahali pake. Saa itaonyesha karibu sifuri.

Kuhusu `restrict`, kompaila hailazimiki kukikagua kiapo. Ukidanganya, programu inaweza kukimbia vizuri tu na kukupa majibu yasiyo sahihi.