DUDU LIUMALO: METHALI TULIYOISOMA BILA KUITAZAMA

Sisi wahakiki chipukizi tumezoea kukimbilia maudhui ya methali na kuiacha picha yake nyuma. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya mazoea hayo kwa methali moja tu: "Dudu liumalo silipe kidole." Naanza na kosa langu mwenyewe.

Katika semina nilitamka kwa kujiamini kwamba "dudu" ni mnyonyaji, na kwamba methali inatutaka tumwangamize. Nikapigiwa makofi. Likizo ilipofika nikaenda kwa mjomba huko Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru. Nyuma ya nyumba kuna mchungwa wenye majimoto, nami nikaanza kuwatazama kila asubuhi, nimekaa kwenye kigoda. Mjomba akacheka: "Mpwa wangu, chuo kimekushinda? Msomi mzima unachungulia wadudu?"

Lakini jamani, pale pana mambo! Majimoto hujipanga, hushikana viunoni, wakavuta kingo za majani mpaka zikutane. Kisha wengine huja na mabuu mdomoni, wakiwapitisha huku na huku kama fundi cherehani. Hariri inayoshona nyumba hutoka kwa buu; mkubwa hana uzi. Buibui wa tawi la jirani alifuma peke yake, kwa uzi wake mwenyewe. Siku tatu nzima sikuchoka.

Siku ya nne nikasogeza kidole. Bwana we! Majimoto akiuma hurushia na tindikali kwenye jeraha. Katika kurukaruka kwangu ndipo nikaielewa fani ya methali. Kwanza, "dudu" ni umbo la ukubwa, ilhali mdudu mwenyewe ni kama punje ya mchele. Aliyemkuza ni uchungu wa kidole. Pili, na hapa ndipo niliporuka, methali haisemi dudu liuawe. Inasema tu lisipewe kidole. Inakukataza kujipeleka, haikuamrishi vita.

Tofauti hiyo si ndogo. Utafiti uliofanywa Zanzibar katika miaka ya 1950 ulionyesha kuwa majimoto hulinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa hadi zikapukutika. Mkulima anayewaua kwa kuwa tu wanauma hujipunguzia nazi. Tafsiri yangu ya semina ingemshauri afanye hivyo hivyo!

Wapo watakaodai kwamba methali ni sitiari, kwa hiyo mdudu wa kweli hahusiki. Nakubali nusu. Sitiari huanzia kwenye kitu kinachojulikana. Ukikosea kukijua kitu hicho, na maana utaikosea. Tazama "Fuata nyuki ule asali". Asali inakuja mwisho. Kabla yake pana mtu aliyemwandama nyuki kwa macho, pengine jirani zake wakimcheka kama mjomba alivyonicheka. Wahenga walitazama ndipo wakasema. Sisi tunasema, basi.

Sisemi wahakiki wote wageuke wataalamu wa wadudu. Nasema kumtazama mdudu kwa kujifurahisha tu, bila kumdai ujumbe, ni mazoezi mazuri ya jicho, na jicho ndilo linaloanza kazi yetu ya uhakiki.

Kwa hiyo naiondoa rasmi tafsiri yangu ya semina. Walionipigia makofi wanisamehe. Mwenye hoja ya kunipinga naye aandike, kurasa hizi ni zetu sote.