Jamii, Jumuiya na Samaki wa Penye Kome

Katika tafsiri za taarifa za uvuvi neno *jamii* limetwikwa mizigo miwili. Twasema "samaki wa jamii ya changu", tukikusudia samaki wa nasaba moja. Tena twasoma "jamii ya samaki wa ghuba", na hapo hukusudiwa samaki wa nasaba mbalimbali waishio mahali pamoja. Msomaji ataijuaje tofauti?

Tuchukue mfano wa Galicia, kaskazini-magharibi ya Hispania. Katika ghuba ya Arousa, tangu miaka ya 1940, watu hufuga kome kwa kuwaning'iniza kwenye kamba chini ya vyelezo. Chelezo kimoja huweza kuchukua kamba 500, zenye urefu wa hadi meta 12. Kome hujishikiza kwa nyuzi zao wenyewe, na katikati yao hukaa kaa wadogo na viumbe wengine. Mwaka 1984 wataalamu López-Jamar, Iglesias na Otero walieleza jinsi viumbe hao wanavyochangia chakula cha samaki wakaao karibu na sakafu ya bahari.

Mfasiri akiandika "jamii ya samaki wa shamba la kome", ofisa wa uvuvi atadhani mambo mawili yasiyo kweli: kwamba samaki hao ni wa nasaba moja, na kwamba wanafugwa. Kosa hili si dogo. Samaki wa kufugwa ana mwenyewe. Samaki wa baharini hana mpaka avuliwe. Kanuni iliyoandikwa kwa maneno hayo yaweza kumzuia mvuvi asitege mtego wake mahali anapostahili kuutega.

Wako wanaolikataa neno *kufuga*, wakisema kome halishwi na mtu, bali huchuja chakula chake majini. Hoja hii haina nguvu. Mfuga nyuki naye hawapelekei nyuki wake maua, na hakuna aliyemnyima jina hilo. *Kulima* tukuachie mwani, ambao hupandwa na kuvunwa.

Kwa hiyo twapendekeza *jamii* ibaki kwa maana ya nasaba, kwa kuwa wavuvi na walimu wameizoea. *Kundi* liwe la samaki waogeleao pamoja. Kwa wale wa nasaba mbalimbali washirikianao makao na chakula, litumike *jumuiya*. Huenda ikasemwa kwamba neno hili lanukia mikataba na vikao. Hata hivyo, maana yake ya msingi ni mkusanyiko wa walio mbalimbali, nayo ndiyo tuitafutayo.

Lipo pia tatizo la *kome*, *chaza* na *kombe*, ambayo hayatumiwi kwa namna moja kila pwani. Hapa mfasiri hana budi kuandika jina la kitaalamu kando, yaani *Mytilus galloprovincialis* kwa kome wa Galicia, kisha awaulize wavuvi kabla ya kuifungua kamusi.

Basi kichwa cha taarifa kama hiyo kisomeke: "Jumuiya za samaki waishio penye kome wa kufugwa". Ni kirefu kidogo, lakini hakimdhulumu mtu.