Mti Unaosomwa Mizizini

Mgeni anayefika Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, huitazama mikoko akaona kitu kimoja tu: ukuta wa kijani uliosimama topeni. Akishatembea kidogo kwenye njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama wa kijiji hicho, ukuta huo huanza kuachana. Huu ni mchu. Ule kule mbele, karibu na maji, ni mlilana. Hapa chini pana mkandaa, na ule uliojiegemeza kwa miguu mingi ndio mkoko wenyewe, ulioupa msitu mzima jina lake. Kuutenganisha msitu mbele ya macho ya mgeni, mti baada ya mti, ni ufundi kamili, na wenye ufundi huo hawajasifiwa vya kutosha.

Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na zote tisa zimo katika ghuba ya Gazi. Ni hesabu ndogo, na udogo huo ni neema kwa anayeanza kujifunza mimea. Katika msitu wa mlimani mtu hulemewa na mamia ya aina kabla hajamaliza hatua mia. Katika mikoko anaweza kuzijua nyingi kati ya hizo tisa katika asubuhi moja, mradi maji yamekupwa.

Lakini wepesi huo ni wa juu juu. Ukitazama majani peke yake, karibu yote ni manene, yanang'aa, na rangi yake ni ileile. Ndiyo maana mtembezaji hodari haanzi na jani. Humwinamisha mgeni kwanza.

Mkoko hushusha mizizi kutoka shinani, na mara nyingine kutoka matawini, ikapinda hewani na kuingia topeni pande zote. Mchu hufanya kinyume: mizizi yake hutandaa chini ya tope, kisha hutoa vijiti vyembamba vilivyosimama wima, mamia kwa mamia kulizunguka shina. Kwa vijiti hivyo mti huvuta hewa, kwa sababu tope la mikoko halina oksijeni ya kutosha. Mlilana nao una vya kwake, ila ni vinene zaidi na vimechongoka kwenda juu. Mzizi wa muia huchomoza, hukunja goti, kisha hurudi chini. Mkomafi una mizizi bapa inayotambaa juu ya tope, imesimama kwa ubavu na kujipindapinda hadi mbali na shina. Mtu akishayaona haya matano, tayari ana nusu ya elimu, na hajainua kichwa bado.

Hapo ndipo jani hupata zamu yake. La mkoko lina ncha kali mwishoni na vidoadoa vyeusi upande wa chini. La mkandaa ni la mviringo mwishoni, halina ncha. La mchu lina rangi ya kijivu chini, na mtembezaji humwambia mgeni alirambe. Ni chumvi. Mchu huiruhusu chumvi kiasi ipande pamoja na maji, kisha huitoa kupitia majani. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi huko huko mizizini. Maelezo ya kitabuni kuhusu jambo hili hujaza kurasa, na yanafaa yasomwe, lakini ulimi humaliza ubishi papo hapo.

Matunda yana maajabu yake. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka na kuning'inia, mara nyingine hadi nusu mita, ndipo ianguke. Ikianguka maji yakiwa nje huweza kusimama topeni na kuanza maisha palepale. Ikianguka maji yamejaa, huelea na kwenda kutafuta kwao kwingine. Komafi, tunda la mkomafi, ni duara zito linalojaa viganja viwili. Ndani yake mbegu zenye pembepembe zimepangwa zikabana kabisa, na aliyezitoa hupata taabu kuzirudisha zilivyokuwa. Mtembezaji mwenye akili hulipasua tunda mbele ya watoto wa shule, akawaachia wahangaike nalo. Yeye hunyamaza.

Kunyamaza ni sehemu kubwa ya kazi hii. Wapo watembezaji, si Gazi tu bali kila penye msitu na kiingilio, wanaomwaga majina yote katika dakika kumi za kwanza, la Kiswahili na la kisayansi, na mgeni hutoka akiwa na orodha tupu kichwani. Fundi hulichelewesha jina. Humwacha mgeni aguse gome, atazame chini, aulize, akisie, akosee, ndipo atamke. Jina lililokuja baada ya kukosea halisahauliki upesi.

Mtihani wenyewe uko nyuma ya msitu. Mchu huota mahali pawili: mbele karibu na bahari, na nyuma kabisa, kwenye nchi kame inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake. Wa mbele ni mti mrefu wenye shina nene. Wa nyuma mara nyingi ni kichaka kifupi, kwa kuwa jua hukausha maji na kuacha chumvi nyingi ardhini. Wageni wengi huapa kwamba hiyo ni miti miwili tofauti. Mtembezaji hashindani nao. Huwaelekeza kwenye vijiti vya mizizi, kwenye kijivu cha jani, kwenye ladha ya chumvi. Ushahidi wote unarudi kwenye mti mmoja. Katika matembezi yote, hapa ndipo mtu huacha kukariri mimea na kuanza kuitambua.

Yapo pia mambo ambayo mgeni wa asubuhi hawezi kuyaona. Ua la mlilana hufunguka jioni, hutembelewa na popo na nondo usiku, na kukipambazuka nyuzi zake nyeupe zimeshadondoka. Kilichobaki ni kusimuliwa, na hapo msimuliaji hupimwa.

Kwa watu wa pwani, kuitambua miti hii hakukuwa burudani. Mbao za mlilana zilitoa mataruma ya vyombo, na mizizi yake ikawa maboya ya nyavu. Gome la mkandaa lilitia rangi na kulainisha ngozi. Nguzo za mikoko zilipangwa kwa unene, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu na Unguja, na vyumba vya nyumba hizo vikawa vyembamba kwa sababu havikuweza kupita urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka mpaka Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mtembezaji ambaye baba yake alikuwa mkataji anaijua biashara hii kwa mikono, na ni vyema aieleze bila kuona haya. Shoka nalo lilihitaji jicho linalotofautisha muia na mkandaa.

Msitu wa Gazi wenyewe uliumizwa na ukataji wa kuni na nguzo, na sehemu zilibaki tope tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, miongoni mwa watafiti wake akiwa James Kairo, ilianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za mikoko kwa faida ya vijiji vya Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Equator. Fedha zake zimeingia katika maji na shule. Na hesabu ya kaboni, pamoja na mitambo na majedwali yake yote, haifai kitu ikiwa aliyeshika utepe wa kupimia hajui ni mti gani ameukumbatia.

Wataalamu wa mimea nao wana deni kwa watu wa namna hii. P. J. Greenway, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, na chapa yake ya pili ilitoka Dar es Salaam mwaka 1940. Majina hayo yalitoka vinywani mwa watu waliotembea porini. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki kilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, kikiwa na aina 12,104. Majina ya wataalamu yamo humo. Waliowatangulia njiani na kuwaambia huu ni mti gani, wengi hawamo.

Upande wa kaskazini wa Gazi, karibu na Diani, kuna ufundi huohuo chini ya sheria nyingine. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, moja ya makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na haruhusiwi kuchukua chochote, hata jani. Mtembezaji wa huko hawezi kumpasulia mtu tunda. Ana macho, maneno na majani yaliyokwisha kuanguka, na bado wageni hutoka wakiijua miti. Huenda huo ndio ugumu unaostahili heshima zaidi.

Simu za siku hizi zinaweza kupiga picha ya jani zikataja jina, na mara nyingine zinapata. Hazimwinamishi mtu. Shule za pwani zingefanya vizuri kuwalipa watembezaji hawa kama walimu wa somo, si kuwaita siku ya ziara tu, maana vijana wanaoweza kutofautisha mkoko na mkandaa bila kusaidiwa hawaongezeki wenyewe.

Atakayekwenda Gazi aulize kwanza saa za maji kupwa, avae viatu asivyovihurumia, alipe kiingilio bila kupunguziwa, na amwombe mtembezaji ampeleke kwenye mchu wa nyuma kabla ya kumtajia jina lake.